Ngege wa Juu ya Banio

Mama,

Shikamoo. Hutaitikia, najua, lakini hata ulipokuwa hai hukuwahi kuniitikia moja kwa moja, kwa hiyo tuendelee tulivyozoea. Nimekuwa mkweo miaka kumi na mmoja na sikuwahi kukutazama usoni. Mgongo wako naujua. Kikohozi chako ningekitambua katikati ya mnada wa Kisesa, ng'ombe wote wakilia. Uso wako niliuona mara moja tu, siku ya kukuaga, binti yako Minza aliponishika mkono na kunisogeza karibu, akaniambia kwamba sasa hakuna tena wa kumkimbia mwenzake. Nilikutazama mpaka watu waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuguna.

Nakuandikia suruali yangu ikiwa bado imelowa. Leo asubuhi nimeona jambo mtoni, juu ya banio, ambalo sijamwambia mtu, hata binti yako aliyenipikia uji na kuniuliza mara tatu kwa nini natetemeka. Nitakueleza. Lakini nina la kuungama kwanza, na nina habari mbaya ya lambo lako, na nikianza na lile la furaha haya mengine sitayasema kabisa.

Unaikumbuka siku niliyokuja kwako mara ya kwanza? Nilikuwa Bwana Samaki mpya wa wilaya, kijana wa Kihaya mwenye viatu vya kung'aa na barua ya posa mfukoni. Nikakuona uani, nikaja mbio nimenyoosha mkono kukuamkia. Ukajifunika khanga uso mzima, ukakimbilia katikati ya pamba. Kaya nzima ilicheka mpaka mbwa wakabweka. Masanja, mwanao, ndiye aliyenieleza kwamba huku mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemezani, hawali pamoja, na wakikutana njiani kila mmoja anatoka pembeni na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite. Sisi Wahaya mnatuita nshomile, wasomi wa kujisifu, na jioni ile nililistahili jina hilo: nilimwambia Minza, "Mambo haya ya kizamani mama yako atayaacha tu." Mama, hukuacha hata moja. Niliyezoea ni mimi.

Na nilizoea vizuri. Ulipokuwa na neno la kuniambia ulilipitisha kwa Minza, na Minza asipokuwepo ulimwambia yule mbuzi mweusi wa kwenye nguzo ya jiko, kwa sauti ya kutosha mtu aliye upande wa pili wa ukuta. "Mbuzi, waambie wenye baiskeli hiyo kwamba mvua inakuja, wasiondoke." Nami nilimjibu mbuzi kwa heshima zote. Wageni walidhani kaya ile ina wagonjwa wawili.

Lambo ndilo lililotukutanisha kwa kweli. Lilichimbwa na wazee wenu enzi za mkoloni kwa ajili ya ng'ombe, na mtu wa samaki wa wakati huo akamwaga humo ngege, samaki wa asili wa huku, kutoka ziwani. Kisha huko ziwani akaja sangara, akawala. Mimi nilifika kazini ngege wameshakwisha; nilikuwa nimewasoma darasani na kuona mmoja ndani ya chupa ya dawa, mweupe kama mshumaa. Wavuvi vijana wa Magu hata jina hawakulijua tena. Nikaja kuposa, nikanawa mikono kando ya lambo la ukweni, nikaona samaki mwekundu kahawia, kichwa kifupi, mdomo mdogo kama wa mtu anayeonja chumvi, akipita taratibu chini ya vidole vyangu. Nilisahau posa. Nilikaa pale nimechuchumaa mpaka wakaja kunitafuta.

Ulikuwa umewalinda peke yako. Sabuni hairuhusiwi, kokoro, ule wavu wa kuburuta, haliruhusiwi, ndoana tu, na siku ulizosema wewe. Ulikuwa umewaficha ngege nyuma ya nyumba yako wakati ziwa zima limewapoteza, na hukuona kama ni jambo la kumwambia mtu. Nilipomtuma Minza akuulize kwa nini, jibu lilirudi fupi: "Kwani ni wa nani?"

Ndipo nikapata wazo la mto. Banio la umwagiliaji, ule ukuta wa kuzuia mto na kugeuzia maji mashambani, lilikuwa limeshajengwa upande wa juu wa majaruba ya mpunga, na juu yake mto ulikuwa na vina vitatu visivyokauka hata kiangazi. Sangara hawezi kulipanda banio. Nikajiambia, hapa ndipo ngege watarudi mtoni, na siku lambo likipatwa na lolote, mto utakuwa nao. Wakubwa wakakubali. Wewe ukakubali kupitia kwa mbuzi.

Sasa ungamo lenyewe.

Asubuhi ile ya kuhamisha vifaranga wa ngege, Minza alikuwa Magu kwa dada yake. Nilikuja na mapipa juu ya trekta la kamati ya mpunga, nikitembea mbele kwa miguu, na wewe ulikuwa unatoka kwenda msibani Buswelu. Tukakutana pale njia inapokatiza pamba. Ukaingia pamba upande wako, nami nikaingia upande wangu, tukapeana migongo kama inavyotakiwa. Na hukuondoka. Nilisikia ukikohoa. Nikasubiri. Ukakohoa tena, ukasema "Mm," ukanyamaza. Hapakuwa na Minza, hapakuwa na mbuzi, hapakuwa na chochote chenye masikio isipokuwa sisi wawili. Nami nikajifanya hodari wa desturi zenu kuliko nyinyi wenyewe. Nikainamisha kichwa, nikakaza mgongo, sikuguna wala sikuuliza. Mwishowe nikasikia miguu yako ikienda.

Nilijua ulikuwa na neno, Mama. Hilo ndilo sikuwahi kumwambia mtu. Nilijua, nikaliacha lipite kwa sababu ya adabu, na kwa sababu kitabu changu cha kutambulia samaki kilikuwa kwapani.

Neno lenyewe, nililokuja kulijua baadaye, lilikuwa hili: mafuriko yalikuwa yameleta sato, samaki wa kufugwa wanaowasonga ngege, kutoka bwawa la jirani, na walikuwa wamejazana pale maji yanapoingilia lambo. Wewe ulikuwa ukiwatoa kidogo kidogo, kila wiki, kwa mkono. Na mimi nilitupa wavu pale pale maji yanapoingilia, kwa kuwa palikuwa rahisi. Nikaangalia vifaranga, nikaangalia kitabu, nikatamka mbele ya vibarua kwamba hawa ni ngege safi. Tukawamwaga mtoni, watu wakapiga makofi, mimi nikatoa hotuba.

Miezi ilipita. Minza akakuletea samaki mmoja wa mtoni, mdogo bado, na mimi nikawa nje ya ukuta nikisubiri sifa. Ulimshika. Kisha ukasema, "Mbuzi, hawa ni sato."

Nilikasirika. Nilikasirika sana, acha niseme. Nilimwambia Minza kwamba mama hajasoma, kwamba samaki wa umri ule hata mtaalamu hawezi kuwatofautisha. Nikatega mtihani. Nikachukua vifaranga ishirini kutoka pembe zote za lambo, nikawatuma jikoni kwenye beseni, ukawachambua kwenye ndoo mbili bila hata kusogea kwenye mwanga. Nikawafuga mbalimbali mpaka mikia ikaonyesha. Ndoo moja, mistari myeusi ya sato mkiani, wote. Ndoo nyingine, mikia mitupu ya ngege, wote. Hukukosea hata mmoja. Nilikaa kando ya ndoo zile nikiwa na cheti changu nyumbani ukutani.

Minza akanieleza ulikojifunza. Ukiwa msichana ulikaa kwa shangazi yako ufukweni, kule Magu, mkibanika samaki ndani ya kibanda kilichojaa moshi. Moshi uliwafumba macho, kwa hiyo mlichambua samaki kwa vidole: ngege huku, mbiru huku, wengine kule. Kidole gumba chini ya kidevu, kisha kidole cha shahada kinapita tumboni. Ni hivyo tu, na ni maisha mazima.

Ulipoanza kuumwa, tulipokuwa tunavuna pamba, wewe ndiye uliyeniita. Hukuvunja desturi. Ulikaa ndani ya jiko juu ya mkeka, mimi nikakaa nje juu ya ndoo iliyofunikwa, ukuta wa matete katikati yetu, na ukaniagiza kupitia kwa Minza nipitishe mkono kwenye tundu la kupitia kuku chini ya ukuta. Bwana Samaki wa wilaya, amelala kifudifudi uani, mkono ndani ya tundu la kuku! Masanja alipita, akarudi kutazama tena. Ukaniwekea samaki kiganjani. "Fumba macho," ukasema, na hukumtaja mbuzi. Nilifumba. Nilikosea. Ukanipa mwingine. Nilikosea. Tulifanya hivyo kila asubuhi kwa muda usiopungua miezi miwili, wewe ukikonda, mimi nikijifunza, na vidole vyetu havikugusana hata siku moja. Siku niliyopata kumi mfululizo nilisikia ukicheka. Sikuwahi kusikia kicheko chako kwa karibu vile. Kilikuwa cha msichana.

Ukafariki kabla sijasahihisha kosa langu. Uliondoka ukijua kwamba mto wako umejaa sato kwa mkono wangu, na hukunilaumu, hata kwa mbuzi.

Haya, sasa yaliyotokea baada yako.

Mambo yamebadilika haraka. Pamba siku hizi inanunuliwa na yeyote mwenye lori na mzani, viwanda vya minofu vimepanga mstari ufukweni, na pale Kisesa wanauza mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki baada ya nyama kupanda ndege. Watu wanaita soko huria. Ofisini kwetu wengi wamepunguzwa. Tumebaki wawili na baiskeli moja. Na Masanja, mrithi wako, alinijia akasema, "Shemeji, ngege anakua polepole. Wenye hoteli mjini wanataka sato, na mimi nasomesha." Alitaka kulikausha lambo na kuanza upya. Nilimsihi. Akanipa muda mpaka mvua zipite, zaidi ya hapo hapana.

Basi ikawa hivyo: ama niwatoe sato wote mtoni na kuwaingiza ngege kabla Masanja hajafungua lambo, ama ngege waliokaa kwako miaka yote hiyo waishie mikononi mwetu, mimi na yeye.

Nilikwenda kwenye mkutano wa wakulima wa mpunga. Kuwatoa sato kulitaka banio lifunguliwe na vina vyote vitatu vikaushwe, mwishoni mwa kiangazi, wakati watu wanatunza maji kwa ajili ya vitalu. Nilisimama nikasema kosa ni langu. Sikusema "majaribio," neno nililokuwa nikilitumia ofisini. Nikasema niliwadanganya na makofi yao nikayapokea. Jamaa mmoja akanyoosha mkono akasema, "Bwana Samaki, mkia wa sato hata sisi tunaujua." Walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Nilicheka nao, nifanyeje? Kisha wakanipa siku nne. Maji ya vitalu vyao, Mama, siku nne, kwa ajili ya samaki ambaye nusu yao hawajawahi kumla.

Tukafungua milango ya banio. Sijawahi kuona mto ukiondoka. Mawe yalitokea ambayo hakuna aliyejua kwamba yapo, na mizizi, na jembe la mtu, na tope likipumua. Tuliwaokota sato wote, kina kwa kina, watu wakapeleka nyumbani kwa vikapu. Tukafunga banio, tukasubiri mvua, nami kila asubuhi nilitazama juu kama mwendawazimu. Zilikuja.

Kuchambua vifaranga wa lambo nilifanyia jikoni kwako, upande wako wa ukuta. Minza alinitandikia mkeka uleule. Sikuwahi kuingia mle, na niliposhika beseni la kwanza nilitaka kutoka, nilihisi nimekukuta. Siku tatu nilikaa nimefumba macho, samaki mmoja mmoja. Nikisita tu, nilimweka pembeni. Walikuwa wengi niliowaweka pembeni, na pengine nusu walikuwa ngege, unisamehe, lakini safari hii sikutaka kutoa hotuba. Waliobaki tukawapeleka mtoni, mimi na Minza, bila makofi ya mtu.

Na lambo lako, Mama. Wiki iliyopita Masanja amelifungua. Maji yote yakaenda shambani, kisha akalijaza tena na kumwaga sato. Alinifuata kabla, akaniambia kama mwanaume, na nilimwona ametoka jasho usoni. Usimkasirikie. Amejitahidi kusubiri. Lakini lambo lako halina ngege tena. Nilikaa kando yake siku ile, nikalia kwa sauti, mtu mzima.

Kwa hiyo leo niliingia mtoni nikiwa na hofu. Kama kwenye vina vile hakuna kitu, basi hakuna kitu popote ninapopajua.

Jua lilikuwa limeshapanda kidogo, maji yametulia na kusafika baada ya masika. Niliingia kina cha katikati, penye mafunjo, maji mpaka kifuani, nikasimama bila kusogea. Mwanzoni niliona kama kivuli cha wingu juu ya mchanga. Hakikuwa cha wingu. Walikuwa vifaranga, wadogo kama punje za mpunga, mamia, wakienda pamoja, na kando yao mama yao, ametulia, mapezi tu yanacheza. Nikapumua. Kupumua tu, Mama! Akageuka, akafungua ule mdomo wake mdogo, na watoto wote wakakimbilia ndani. Wote. Sikujua nitazame wapi. Kundi zima lililokuwa limejaa mbele yangu likaisha ndani ya kichwa cha samaki mmoja, mto ukabaki na yeye peke yake, mashavu yamevimba, akinitazama.

Haya yote niliyasoma chuoni. Nilijibu swali lake kwenye mtihani, nikapata alama zote. Sikujua nilichokuwa nakiandika.

Nilimsubiri. Alikaa muda mrefu, kisha akakohoa watoto wake nje kidogo kidogo, na kundi likarudi. Nikaenda kwenye mafunjo mengine nikakuta mwingine. Na mwingine. Nilitaka uhakika, nikatega wavu mdogo, nikampata dume mmoja, nikafumba macho. Kidevu. Tumbo. Ni ngege, Mama. Mkono haukusita. Nikamwachia, nikabaki nimesimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, na sikuwa nikisali, lakini sijui jina lingine la hali ile.

Nikiwa natoka nilipita juu ya banio. Maji bado yanamwagika juu ya ukingo wake, na nikaona humo vifaranga wengine, waliokua kidogo, saizi ya ukucha, wanafika ukingoni, wanasita, kisha wanakwenda na maji. Wanashuka. Wanakwenda ziwani, waliko sangara. Mkono wangu ulinyooka wenyewe ili niwazibie. Nikaurudisha. Wengi wataliwa, najua. Mimi ni Bwana Samaki, nisidanganye. Lakini walikuwa wakishuka bila kuulizwa na mtu, kuelekea kule walikotolewa kabla mimi wala wewe hatujafikiriwa.

Lala salama, Mama. Wabeja sana, kama mnavyoshukuru huku. Waliobaki juu ya banio nitawalinda maadamu nina miguu ya kuingia majini, na mkono huu ulionipa namfundisha Minza kuanzia kesho, kisha kina mama wote wa majaruba watakaotaka. Hao walioshuka siwezi kuwafuata. Ila nakuahidi jambo moja. Siku nikisikia kwamba kuna mvuvi huko ziwani amevua samaki mwekundu kahawia, mdomo mdogo, akamzungusha mkononi na kuwauliza wenzake huyu ni nani na wote wakatikisa vichwa, iwe ni Magu, iwe ni ng'ambo kabisa kwetu Bukoba, nitakwenda mwenyewe mpaka mlangoni pake nimwambie jina lake.

Mkweo,
Mutalemwa